Kicheko cha Mghoi

Voi, Alhamisi usiku

Na kile hakikuwa kicheko chake. Mimi ndiye niliyemzaa, nakijua.

Wiki iliyopita watu wa runinga walikuja kwenye kibanda changu cha gemu. Vijana walikuwa wanacheza ile ya mpira. Mpiga picha akawaomba waweke ya bunduki, kisha akajikwaa kwenye waya, na binti yangu Mghoi akacheka. Hayo tu.

Leo kwenye mdahalo wao wa runinga kuhusu gemu na watoto wameonyesha uso wake peke yake, wameupunguza kasi, wametia ngoma nzito. Mdomo unafunguka polepole, meno yanatokea moja moja. Mchungaji na daktari wakabishana kama mtoto huyo ameshapotea. Mwendesha kipindi akawa anairudisha picha, anairudisha.

Mama yangu, aliyeshuka jana kutoka Mbololo, aliacha kula. "Huyu ni nani?" akaniuliza, na Mghoi ameketi kando yake.

Baadaye nilitaka kukata sukuma wiki ya kesho, kisu sikukiona. Mama alikuwa amekificha chini ya godoro langu.

"Sijasema kitu," akaniambia. "Lakini leo silali chumba kimoja naye."

Nimekasirika, hata sijui nimkasirikie nani. Yule wa kamera nilimfungulia mlango mwenyewe, nikampa na soda.

Sasa hivi nimetoka kuzima taa ya sebuleni. Mghoi alikuwa amesimama mbele ya runinga iliyozimwa, anajitazama kwenye kioo cheusi. Alikuwa anajaribu kucheka polepole, kama yule wa kwenye mdahalo.

Amekaribia kumpata.