Mashine Juu ya Kabati

Kaka Haji,

Bado wanasema umekufa kifo chepesi. Kila anayekuja hapa Jang'ombe kutupa pole ananiambia, "Shukuru, kafa usingizini." Nimechoka kushukuru. Usingizi ndio uliokuua, na waliokunyima dawa yake wamekaa ukumbini wanakunywa kahawa.

Ulinieleza kwa simu kutoka huko kwenye baridi yako. Ukilala, koo linajifunga, pumzi inakatika, moyo unakwenda mbio mpaka ushtuke. Hivyo usiku kucha, miaka na miaka, huku ukiendesha mabasi zamu mbili ili nyumba hii iezekwe. Ndiyo maana vidonge vya presha havikukusaidia. Daktari alisema mishipa yako imekakamaa. Wewe ukaongeza: kama ule mpira wa maji tuliouacha juani juu ya bati. Alisema anawaona wahamiaji wengi kama wewe, wanaofika wamechelewa kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa kukoroma ni ugonjwa. Akakupa mashine ya kukupulizia hewa, na barakoa yake.

"Asha, nimelala," uliniambia. "Nimeamka kichwa hakiumi." Tangu uondoke kwetu sikuwahi kuisikia sauti yako nyepesi vile.

Kisha ukaja kumwoza Rahma, binti yako. Bi Mize, shangazi yetu, akaiona mashine kitandani. "Hebu liondoshe dude hilo. Watu wa bwana harusi wakikuona na mkonga wa tembo watasema tunawapa mtoto wa mgonjwa." Kwao mtu wa Ulaya lazima arudi amenawiri, na masanduku mazito. Ukaipandisha juu ya kabati. Nilipokugombeza ukacheka. "Wacha harusi ipite, Asha." Hilo sijakusamehe. Uliwaogopa wakwe kuliko kaburi.

Ijumaa, baada ya chakula, ulijilaza barazani. Vijana wa harusi wakaanza: "Mzee kawasha jenereta." Ukanyamaza katikati ya mkoromo, ukashtuka kama mtu aliyeopolewa majini, wakaangua kicheko. Uliponyamaza tena, walikaa wakisubiri kucheka. Hukushtuka tena.

Mwanao Nassor amekuja msibani kutoka huko huko. Anakoroma kama wewe, anakatika pumzi kama wewe, na vidonge vya presha keshaanza. Jana Bi Mize alimtazama akilala mchana, akasema, "Kachukua usingizi wa babake." Kwa furaha. Nusura nimtupie buli. Nilimwamsha Nassor mbele yake, nikamwambia mashine ya babake si kanzu ya kurithi. Atapimwa, apewe yake. Akajifuta macho. "Nshasikia, shangazi. Wacha khitma ipite."

Maneno yako, Haji. Nilitamani kumpiga kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimpa simu, nikasimama mlangoni mpaka akampigia daktari wake na kupewa miadi.

Mashine nimeishusha. Nimeifuta vumbi na kuiweka ukumbini, Bi Mize aione akiingia na akitoka. Siku ya khitma yako ya arobaini itakuwa palepale. Atakayesema tena umekufa kifo chepesi nitamwomba azibe pua na mdomo kwa mkono wake mwenyewe, angoje mpaka kifua kimuwake moto, kisha anirudilie neno hilo.

Nenda, kaka. Mungu akupe usingizi usiokatika. Nassor niachie mimi.

Asha