Neno la Kijapani kwa Chungu cha Umkulthum

Limbani, Wete,
Pemba.
20 Agosti 1960

Mpendwa Kaka Vuai,

Assalamu alaykum. U hali gani na joto la Mombasa, na mguu wako je, umepona? Sisi huku hatujambo. Mama anakula na kulalamika kama kawaida yake, na karafuu mwaka huu zimezaa.

Yale maneno uliyoyachukua kwa mabaharia wa Kijapani hapo bandarini yalinifika, na kazi yamefanya. Nashukuru, maana roho ilikuwa inaniwaka.

Unakumbuka nilivyokuandikia. Wale wavuvi wa Kijapani walioharibikiwa na chombo hapa Wete, mpishi wao nilikuwa mimi. Umkulthum, jirani yangu wa kunywa naye kahawa, akaenda kwa wakala wao akasema jiko langu chafu, lina panya. Kazi akapewa yeye. Hilo ningelimeza. Lakini maneno yakaenea, na harusini kwa Bi Radhiya, mimi niliyepika nusu ya harusi za mji huu, sikuitwa hata kuchagua mchele.

Basi nikawa nachambua karafuu huku nasoma kama mtoto wa chuoni: oishii, tamu; oishikunai, si tamu; oishikatta, ilikuwa tamu; oishikunakatta, haikuwa tamu. Mama akadhani nimerogwa.

Siku ya kuagana na hao Wajapani, wanawake tulijaa uani kwa Umkulthum, mwenyewe anapakua na kujishaua. Nikamwendea mzee wao, nikamwuliza kwa lugha yake kama chakula changu kilikuwa kitamu. Alifurahi mpaka akainama.

"Oishikatta," akasema.

Nikamwonesha chungu cha Umkulthum: na hiki je? Mzee akakuna kichwa, akawatazama wenzake. Nikamkazia macho.

"Oishikunakatta," akasema kwa sauti ndogo.

"Kanena nini huyo?" akauliza Bi Radhiya.

Nikawafasiria polepole, mara mbili, wa nyuma wasikose. Na sahani za wageni kila mtu aliziona, zilirudi nusu.

Harusi ya mwezi ujao nimekwisha kuitwa. Jana Umkulthum kaja na sahani ya visheti kuniomba radhi. Visheti nimevipokea. Radhi sijampa, na sitampa upesi. Naye aonje kulala na jina bovu.

Nisalimie wifi yangu Mwanamize na mwanenu Shaame. Mama anakuombea dua. Mungu akukinge na kila hasidi, na Umkulthum ampe umri mrefu, asisahau.

Ni mimi dadako akupendaye,
Mwanapili