Fundi Saa wa Hapo Tu

Mwaka umetimia, na siku kadhaa juu yake, tangu ulipotuaga kwa kusema unakwenda hapo tu. Ndiyo, Baba, tangazo lako la kumbukumbu limechelewa. Tumekurithi. Tunakuandikia gazetini kwa sababu karibu kila mwenye saa yake kwako husoma gazeti hili, nasi tumechoka kuwajibu mmoja mmoja mlangoni. Mimi binti yako mkubwa ndiye niliyeshika kalamu, na wenzangu wamesimama nyuma yangu wakinisahihisha.

Wasiokujua waelezwe kwamba ulikuwa fundi saa, na katika maisha yako yote hukuwahi kufika mahali kwa wakati. Kibanda chako cha vioo, kati ya duka la viatu na kinyozi, kilijaa saa ukuta mzima, kila moja ikisema lake, na katikati yake kibao ulichokiandika kwa mkono wako: NIPO HAPO TU. SUBIRI. Watu wakasubiri. Muuguzi mmoja alisubiri saa yake mpaka akastaafu, akaja kuichukua akiwa hana tena haja ya kujua ni saa ngapi. Lakini wanafunzi wa mitihani uliwatengenezea zao siku hiyohiyo, bila malipo, huku ukiwauliza kwa nini mwezi hutufuata tukitembea. Wengine walifika kwenye mtihani wakiwa bado wanawaza jibu.

Kwa watu wengine hapo tu ni dukani, au kwa jirani. Kwako ilikuwa ziwa la chumvi ambalo maji yake uliyaonja ukaumwa tumbo. Ilikuwa mlima ulioupanda na sufuria na kipimajoto, ili uone kama kweli maji huchemka mapema kule juu. Yalichemka mapema, habari hizo tumezisikia miaka mingi. Ilikuwa pia magofu ya mji ambao hakuna aliyebaki kutuambia uliitwaje. Ulichukua flaski na kofia, ukasimama mlangoni ukasema, "Bibie, naenda hapo tu." Mama akikuuliza utarudi lini, unamjibu, "Mwenda bure si mkaa bure." Hilo si jibu, Baba. Hiyo ni methali.

Na hodi zako! Hakuna gofu uliloingia bila kubisha. Paa hakuna, mlango hakuna, ni magugu na mijusi tu, na wewe umesimama kizingitini umevua kofia: "Hodi! Hodi wenyewe!" Unangoja kidogo, kisha ndiyo unaingia. Siku uliyotupeleka sisi watoto tulikuta wanafunzi wa chuo na mwalimu wao. Walitucheka mpaka mdogo wangu akaenda kujificha nyuma ya gari. Ulimfuata ukamwambia, "Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu, hata kama mwenyewe ametoka." Kigae cha chungu hukuwahi kuondoka nacho. Ulikiinua, ukakitazama kwa ile lenzi yako ya jicho, ukakilaza tena ulivyokikuta.

Mchanga ndio uliotuletea, na ukautia kwenye makopo ya jikoni bila kumwambia mtu. Kopo la pilipili manga ulilijaza majivu ya volkano, Mama akaunga nayo mchuzi. Tulikuwa na wageni. Baba mdogo, ndugu yako anayependa kula kuliko kuongea, alitafuna mara moja tu akashika shavu. Badala ya kuomba radhi ulichovya kidole, ukaonja, ukatangaza kwa furaha, "Jamani, mnakula mlima!" Mpaka leo baba mdogo akija kwetu hukikagua chakula kwanza.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa tundu. Tunaliandika hapa ingawa tuliapa hatutalitaja tena nyumbani.

Tundu lenyewe lipo kwenye ukuta wa mashariki wa yale magofu, ukubwa wake kama kisahani cha chai. Ulituambia waliolitoboa walikuwa wajuzi wa jua na nyota, na kwamba asubuhi moja tu katika mwaka tundu hilo lina neno la kusema. Kila ilipokaribia siku hiyo ulifunga kibanda, ukachukua kile kioo cheusi ulichopewa na fundi wa kuchomelea vyuma, ukaenda kuweka jicho tunduni. Mwaka mmoja kulikuwa na mawingu. Mwaka mwingine gari liliharibika njiani. Miaka mingine yote uliona jua tu, duara, jekundu, kama lilivyo kila mahali, ukarudi ukilaumu hesabu zako na kusema umekosea siku.

"Jua limejaa uani hapa," Mama alikuwa akikuambia, wewe ukimkanda goti lake kwa mafuta. Hilo ulilifanya kila jioni uliyokuwa nyumbani, na hatutakunyima haki yako. "Mtu mzima anasafiri kwenda kulichungulia tunduni?"

"Mwakani utaona. Mwakani tunakwenda wote."

"Na goti hili?"

"Si mbali, bibie. Ni hapo tu."

Hukumpeleka hata mara moja. Mwaka huu gari limejaa, mwaka ule baridi itamuumiza, na mwaka mwingine ukasema wacha kwanza uhakikishe, usije ukamsumbua bure. Hilo ndilo lililomuuma. Alilisema waziwazi kwa yeyote aliyekaa naye kitako, hata wageni waliokuja kutafuta saa zao.

Mwaka jana ulikuwa umeshafunga begi. Lilikaa koridoni, flaski juu yake, na safari ilikuwa keshokutwa. Asubuhi ukasema kifua kinakubana, unakwenda hapo tu, hospitali, wakuangalie kisha urudi. Ulikwenda kwa miguu. Katika safari zako zote, Baba, hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa hapo tu kweli. Hospitali tunaiona kutoka dirisha la sebuleni. Tukakuamini, tukaendelea na kazi zetu. Na hiyo ndiyo safari ambayo hukurudi.

Mama hakuruhusu begi liguswe. Mwaka mzima tumejikwaa nalo, wajukuu wamelipanda kama farasi, na baba mdogo aliangukia pale siku moja akasema maneno ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Tulimsihi Mama tulisogeze angalau chumbani. Alisema lina mwenyewe.

Siku zilipokaribia tulikaa kupanga kumbukumbu yako, nani ataleta viti na nani atasafisha kaburi. Mama akainuka, akajikokota koridoni, akalifungua begi. Akatoa suruali zako akazikunja moja moja, akatia nguo zake.

"Mama, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye tundu."

Baba mdogo alikaribia kupaliwa. "Shemeji, na goti hilo? Kaka mwenyewe amekwenda miaka yote hiyo hakuona kitu!"

"Ndiyo maana nakwenda. Ama kuna kitu, ama nilikuwa naachwa hapa kila mwaka kwa ajili ya ukuta uliotoboka. Nataka nijue ni lipi kabla sijamfuata."

Mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme, akajitolea kwenda badala yake na kumpigia picha.

"Wewe?" Mama akamtazama. "Taa ya jikoni imeungua tangu mwezi uliopita hujaiona. Utaona la huko?"

Nikasema basi nitamsindikiza mimi. Akakataa. "Wewe ukiniona nachechemea utanirudisha." Ni kweli, ningemrudisha. Tulimbembeleza, tukamtisha, tukaficha viatu vyake, akavaa vyako. Sikio la kufa halisikii dawa. Alipopanda gari peke yake, amekumbatia flaski, tulikasirika sana, Baba. Tulikukasirikia wewe, maana yeye hakuwa wa kukasirikiwa. Tulikuwa tumeshampoteza mmoja aliyetuambia si mbali.

Asubuhi ya siku yenyewe simu ikalia.

"Kipo," alisema.

"Nini, Mama? Goti vipi?"

"Achana na goti. Nyamaza nikuambie."

Alifika kabla jua halijachomoza. Alibisha hodi. Alisema aliona haya, lakini alibisha, akangoja kama ulivyokuwa ukingoja. Ili ulifikie tundu lazima upande mawe, na goti lilikataa katakata. Basi akakaa kwenye jiwe lililoanguka, akalipa tundu mgongo, akamimina chai yako aliyokuwa ameichemsha kwa hasira. Akawa anapanga maneno ya kuja kukuambia kaburini. Ndipo alipoinua macho.

Mwanga ulikuwa umepita tunduni, juu ya bega lake, ukatua kwenye ukuta wa pili. Kwenye ukuta huo kuna kishubaka, kijishimo cha mviringo, ambacho wewe hukuwahi hata kukitaja. Mwanga ukateremka polepole, jua likipanda, mpaka ukaingia kishubakani ukakijaza sawasawa, haukupungua wala haukuzidi. Ndani yake kumbe jiwe ni jeupe, likawaka. Chumba kizima kikapata nuru. Kisha ukapita. Chai ilikuwa imepoa mkononi mwake.

"Alikuwa anachungulia," Mama alisema. "Miaka yote hiyo, mwanangu. Anachungulia! Kichwa chake ndicho kilichokuwa kimeziba."

Baba! Fundi saa wee! Umebandika jicho kwenye vitundu tangu ujana wako, ukadhani na wazee wale walitoboa ukuta ili nawe uje ubandike jicho. Ulichotakiwa ni kusogea kando na kugeuka. Na ungempeleka Mama mwaka wa kwanza tu, angechoka, angekaa chini, angekuambia, "Wee, hebu toa kichwa unanizibia mwanga," na leo tusingekuwa tunagombana na wewe kwenye ukurasa wa gazeti. Baba mdogo alipopata habari alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kisha akatoka nje akakaa peke yake muda mrefu.

Kuna jambo moja Mama alilisema mwishoni, kwa sauti ya chini. Mlinzi wa magofu alimkuta bado amekaa pale jiweni. Akamuuliza kama amemwona yule mzee wa hodi, mbona mwaka huu hajaja, na mwaka jana pia hakumwona.

"Sikuweza kumwambia," Mama alisema. "Nikamwambia yupo hapo tu."

Nikamuuliza anarudi lini, tumsubiri kaburini.

"Nitarudi. Ila huyu mlinzi ananiambia kuna mapango, yana michoro ya watu wa kale, ng'ombe na viganja vya mikono. Na kwa kuwa begi ninalo..."

"Mapango yako wapi, Mama?"

Nilijua jibu kabla hajafungua mdomo.

"Si mbali, mwanangu. Ni hapo tu."

Unaona ulichotufanyia? Tumemsubiri mpaka mhariri ametutumia ujumbe mara tatu. Jana alipiga tena, anacheka, amechomwa na jua, anasema viganja vya pangoni vingine ni vidogo kama vya mjukuu wako wa mwisho na kwamba mtu lazima avione. Goti linamuuma. Hataki kuzungumzia goti.

Wenye saa zao wafike kibandani. Mdogo wangu anakifungua jioni akitoka kazini, anajifunza polepole, na kibao chako hajakishusha.

Wanaokukumbuka ni mimi binti yako. Mwanao fundi umeme, ambaye taa ya jikoni ameshaibadilisha. Ndugu yako, aliyesamehe mlima lakini hajausahau. Na wajukuu zako, ambao siku hizi hubisha hodi hata kwenye chumba wanachojua hakina mtu, kisha wakangoja. Mke wako tumeliachia jina lake nafasi. Atalitia mwenyewe akirudi.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Begi halipo tena koridoni, na bado kila anayepita pale anainua mguu.