Chupa ya Maji Niliyojimwagia Dukani

Jumatano. Siku ya sabini na moja tangu nijifungue.

Mvua imepiga asubuhi ikakata ghafla, na sasa mtaa wetu wote wa Mchafukoge unafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Mwanangu Salha amelala chali, mikono juu, utadhani kashinda kesi. Mama yuko jikoni anachambua mchele. Nina kama saa moja kabla mmoja wao hajaniita, kwa hiyo leo naandika bila kuremba.

Jana nilijikojolea dukani.

Basi, nimeshaiandika. Dari haijaanguka.

Wanaonisoma humu mtandaoni wananijua mimi si mtu wa kuona haya. Nauza mashuka na mapazia Kariakoo, nina mdomo, na nikiwa na mimba niliandika hapa hapa kwamba nitajifungua kwa njia ya kawaida na kurudi kazini nikiwa na kiuno kile kile. Kujifungua nilijifungua. Kiuno ndicho kilichoniponza.

Siku za mwanzo sikuwa na muda wa kufikiria kiuno. Nilichanika, nikashonwa, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mkojo wa kwanza baada ya kushonwa unachoma kama pilipili kwenye kidonda. Nilijifunza kujimwagia maji ya uvuguvugu huku nakojoa, nikishika ukuta, nikiwataja mababu zangu mmoja mmoja. Choo kikubwa niliahirisha siku tatu kwa woga. Damu ilitoka wiki baada ya wiki, nyekundu kwanza, kisha ya kahawia, kisha kama maji tu. Maziwa yalijaa mpaka nikilala ubavu nalia. Usiku nilitoka jasho nikadhani nina malaria. Tumbo lilibaki pale pale, laini kama unga uliokandwa ukaachwa, na niliposimama mbele ya kioo nilijiuliza kama nimezaa au nimekopesha nafasi tu.

Yote hayo yalipita. Nataka hilo lijulikane, maana wanawake tunapenda kusimuliana uchungu tu. Yalipita. Nyuzi ziliyeyuka zenyewe, nikaanza kukaa kitako bila kuegemea upande mmoja, na asubuhi moja nikashuka ngazi za ghorofa tatu nikafika chini kabla ya kukumbuka kwamba nina kidonda.

Mama alikuja kutoka Newala kunitunza, na mama ana sheria zake. Ya kwanza ni kukandwa. Alichemsha maji, akachovya taulo, akataka kunikandamiza nayo tumboni ikiwa bado inafuka moshi. Nesi aliyeniruhusu wodini alikuwa ameshatuonya kuhusu maji ya moto, kwa hiyo hapo nilisimama imara. Tulibishana siku mbili. Mwishowe tukakubaliana maji ya uvuguvugu na mkono mwepesi, na mama akanikanda huku ananung'unika kwamba kizazi cha siku hizi kinaogopa hata mvuke.

Sheria ya pili ni kufunga tumbo. Hii sikubishana nayo.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nalikiri. Mama alinifunga kanga kuanzia chini ya matiti mpaka nyongani, na mimi ndiye niliyekuwa nasema, "Kaza mama, kaza." Arobaini ilipoisha, yeye akasema sasa inatosha, tumlegeze mtoto wa watu. Mimi nikatuma niletewe mkanda wa kubana kutoka duka la jirani yetu Kariakoo, ule wenye safu tatu za ndoano, nikauvaa juu ya kanga. Vyote viwili. Nikawa napumua kwa kibali.

Na huku juu nikizidi kuwa mwembamba, huku chini nikaanza kuvuja.

Kwanza nikipiga chafya. Halafu nikikohoa. Halafu nikiinuka kitandani na mtoto mikononi. Nilianza kuvaa madera meusi, na pedi ndani, na kanga juu. Baba Salha aliniuliza kama nimefiwa. Nesi wa kliniki ya mtoto alishaniuliza mara mbili, "Na wewe mwenyewe, mama, hali yako?" Mara zote mbili nilimjibu niko salama, nikaondoka na kadi ya mtoto kwapani kama mwanafunzi aliyefaulu.

Jana ilikuwa siku yangu ya kwanza kurudi dukani, nusu siku tu. Rehema, mwenzangu tunayeuza naye, alikuwa ameniwekea kiti na feni. Sikukaa. Nilikuwa na hamu ya watu. Akaja mama mmoja mnene, mcheshi, anataka shuka la kitanda kikubwa. Nikalikunjua, akalishika, akajifunika kuanzia kichwani mpaka chini, akauliza humo humo ndani, "Dada, hili ni shuka au turubai la harusi?"

Nilicheka. Nilicheka kama sijacheka tangu nizae, na katikati ya kile kicheko nikahisi joto likishuka mapajani mpaka kwenye ndala.

Si tone. Ulikuwa mkojo hasa.

Nilisimama pale na watu watatu mbele yangu, na nikafanya jambo ambalo bado najishangaa. Nilichukua chupa ya maji ya kunywa juu ya meza, nikajifanya nakunywa, nikajimwagia yote mapajani. "Jamani, mikono yangu leo!" nikasema. Rehema akakimbia kuleta tambara. Yule mama akanipa pole. Nikakodi Bajaji mpaka nyumbani kwa safari ambayo kwa kawaida naimaliza kwa miguu, nimekalia mfuko wa plastiki, na nilikuwa nalia.

Mama alilipokea lile dera akaenda kulifua. Mama ni mtu wa pua. Maji ya chupa hayanuki vile. Alirudi akifuta mikono, akakaa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndiyo uzazi huo, mwanangu. Utazoea."

Usoni hakuwa na mzaha wala huruma. Alilisema kama mtu anayekuelekeza choo kilipo.

Nililala nalo hilo neno. Nikizoea maana yake nini? Maana yake niache kucheka dukani. Niache kubeba marobota. Niwe yule mwanamke anayetafuta kiti cha karibu na mlango. Mimi naishi kwa mdomo na kicheko changu, ndicho kinachouza mashuka yale. Asubuhi niliamka na hasira, na hasira yangu huwa inanifaa.

Leo ilikuwa zamu ya chanjo ya Salha. Tulikwenda wote, mama kambeba mjukuu wake. Salha akachomwa, akalia kidogo akanyamaza, na yule nesi, mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akauliza swali lake lile lile.

Nikamwambia, "Sista, mkojo unanitoka."

Hakushtuka hata kidogo. Alimaliza kuandika kwenye kadi, akafunga mlango, akaniambia nipande kitandani. Alipofunua dera alikuta mkanda, na chini ya mkanda akakuta kanga.

"Hivi vyote vya nini?"

"Tumbo."

"Mwanangu, ukibana mfuko katikati, vilivyomo vinaenda wapi?"

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimezibana nyama zangu juu, na uzito wote nikausukumia chini, mahali ambapo ndiko kulikochoka kuliko kote. Alinipima, akasema kidonda kimefunga vizuri sana, aliyenishona anajua kazi. Kilichobaki ni misuli ya chini, ile inayoshika kibofu na njia yenyewe. Imevutwa miezi tisa, ikapitisha mtu mzima mwenye kichwa. Inatakiwa ifundishwe tena kazi yake.

Namna ya kuifundisha alinieleza hivi: "Bana kama unazuia ushuzi mbele ya mama mkwe. Mbele na nyuma, kwa pamoja, ukivuta juu. Usibane makalio, usizuie pumzi. Hesabu mpaka tano, achia, pumzika. Mara kumi. Asubuhi, mchana, jioni." Akaniambia nisifanye nikiwa nakojoa, na nisitegemee muujiza wiki hii, maana ni suala la miezi. Mkanda niuweke kando, tumbo litarudi lenyewe taratibu. Nikihisi kitu kinashuka ukeni, au mkojo ukiwa unatoka wenyewe muda wote bila hata kukohoa, nisisubiri, nije siku hiyo hiyo. Na mazoezi yakigoma baada ya miezi mitatu, yupo mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye kazi yake ni hiyo hiyo.

Nilishuka kitandani mwepesi. Sijui kama ni kwa sababu ya habari njema au kwa sababu nilikuwa napumua mpaka chini kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nikaanza kukusanya vitu.

Mama hakuinuka.

Alikuwa amekaa na Salha mapajani, anamtengeneza kofia ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Akauliza bila kuinua macho, "Sista, na mtu aliyezaa zamani?"

"Zamani lini, bibi?"

"Zamani. Kuna jirani yangu mmoja huko Newala. Kazaa sita."

Nesi akavua miwani. "Anavuja?"

"Anavuja," mama akasema. "Tangu mtoto wa pili."

Mimi ndiye mtoto wa pili.

Nilibaki nimeshika mlango. Kuna mambo nimeyaona maisha yangu yote nikayapa majina mengine. Mama hutawadha mara tatu kwa swala moja, sisi tukasema ana wasiwasi. Akisafiri kutoka Newala hali wala hanywi mpaka afike, sisi tukasema mama ni mtu wa saumu. Mdogo wake, mama Zuhura, anaishi Kigamboni, na tangu mama afike Dar ni mama Zuhura ndiye anayevuka kuja kwetu, kwa sababu mama anaogopa pantoni. Nilipomwambia basi tuzunguke darajani, akasema anachoka na foleni. Nilicheka, nikamwambia wewe hujulikani unaogopa nini, maji au magari.

Alikuwa anaogopa kukaa muda mrefu mbali na choo. Zaidi ya miaka thelathini. Na aliponiambia nitazoea, alikuwa ananipa kitu pekee alichopewa yeye.

Nesi, Mungu amjalie, hakumfichua. Alivaa tena miwani, akasema, "Mwambie huyo jirani yako hajachelewa. Misuli haina uzee wa kushindwa kufundishwa. Mazoezi ni yale yale niliyomwonyesha binti. Na asijinyime maji, mkojo mzito ndio unaokichokoza kibofu. Lakini ningependa nimpime mwenyewe kwanza. Anaweza kuja lini, huyo jirani?"

Mama akaiachia ile kofia.

"Yupo yupo," akasema. Akanipa mtoto, akapanda kitandani.

Nilikwenda kukaa nje kwenye benchi na Salha. Nilimtazama nikalia, lakini kilio cha jana na cha leo si ndugu. Mama alipotoka alikuwa anafunga mtandio wake vizuri, uso mkavu, na kitu alichoniambia ni kwamba yule sista ana mikono ya baridi. Tulitembea mpaka nyumbani. Karibu na Mnazi Mmoja akasimama kwa muuza maji, akanywa chupa nzima wima, barabarani, mama yangu.

Sasa niseme ninavyojiona leo, maana shajara isiyo na hesabu ya nafsi ni porojo. Tumbo langu ni laini na lina michirizi kama ganda la tikiti. Mkanda nimeuvua, nimemwambia Baba Salha afungie maboksi. Jumatatu narudi dukani, na nitamwambia Rehema ukweli kuhusu ile chupa, kwa sababu naye ana mimba ya miezi minne na sitaki asikie "utazoea" kutoka kwangu. Marobota nitamwachia mpagazi kwa sasa. Kicheko simwachii mtu.

Ninavuja bado. Mchana huu nimepiga chafya na imetoka. Ila nimeshafanya mazoezi mara mbili, na la pili nililifanya nikiwa namnyonyesha Salha, naye akaniangalia kama anajua.

Dakika tano zilizopita nilisikia kimya jikoni, mchele hauchambuliwi. Nikapaza sauti, "Mama, kuna nini?"

"Niko ya saba," akajibu, "usinipoteze hesabu."

Nilicheka mpaka nikabana miguu, naye akacheka kule kule, na nadhani wote wawili tulilipia kidogo.

Jumamosi tunavuka Magogoni kwa pantoni kwenda kwa mama Zuhura. Kasema mwenyewe, sikumwomba. Kasema pia tubebe kanga za akiba, mbili, yake na yangu. Nimeshazikunja, nimeziweka juu kabisa ya mkoba, mahali pa kuonekana.