Kengele ya Pili Bungeni

Jumanne, Masuguru, Korogwe. Mvua imenyesha asubuhi, kisha joto limerudi. Kifua kinabana.

Kuna jambo nimewaficha watu wa Handeni tangu nilipokuwa mbunge wao. Hata mke wangu amefariki hajalijua.

Leo Mhina amekuja kunijulia hali. Ni mkulima, nimempita miaka michache. Amepanda basi kutoka Handeni na mfuko wa mbaazi mbichi. Amekuta binti yangu Zaina amenishika mkono, ananitoa chooni.

"Shikamoo, mheshimiwa. Kumbe na waheshimiwa wanaongozwa njia!"

"Marahaba. Cheka tu, zamu yako inakuja."

Tumecheka mpaka nikakohoa. Runinga ilikuwa inaonyesha Bunge. Mbunge kapewa dakika tano, nne zimeishia kwenye pongezi. Huwa inaniudhi sana. Leo nilitaka kulalamika, nikaizima.

Mimi ni nani wa kulalamika?

Nikiwa mbunge, ulikuja muswada wenye kifungu kibaya: anayelima bila hati, ardhi yake ikichukuliwa, alipwe fidia ya mazao tu, si ya ardhi. Mhina na wenzake walinifuata. "Katusemee," walisema. Mimi ndiye niliyewafundisha, wakati wa kampeni, kwamba Katiba, Ibara ya 24, inalinda mali ya mtu na kutaka alipwe fidia inayostahili. Nikaahidi.

Niliporudi niliwaambia: ndiyo kwanza nafika kwenye kifungu chenu, kengele ya pili ikalia, muda ukaisha. Waliamini. Sheria ikapita. Shamba la Mhina, alikozikwa baba yake, akapewa mwekezaji. Yeye akalipwa fidia ya mahindi na mihogo.

Nilikuwa na dakika kumi. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu, nikawapongeza viongozi mmoja mmoja, nikaishukuru familia yangu, nikaisifu barabara ambayo hata haijajengwa. Siku hizo nilikuwa nasikia jina langu linatajwa kwa unaibu waziri. Sikutaka kumuudhi mtu. Macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

Nilikuwa naisubiri ile kengele.

Na unaibu wenyewe sikuupata.

Kabla ya kuondoka, Mhina amenishika bega. "Usijilaumu, kaka. Wewe ulitupigania, wakakukata maneno." Kisha ameinua mikono, ameniombea dua ndefu. Nimeitikia amina.

Amina! Kwa mdomo huu huu.

Nimeshindwa kumwambia usoni. Nimemwomba Zaina ampigie simu kesho, arudi, nimsomee mwenyewe haya niliyoandika wakati pumzi bado ipo. Sitamwomba anisamehe. Ajue tu amemwombea nani.

Lakini hata hapa nimezunguka. Bado sijaandika lote.

Kengele ilipolia, aliyekuwa anaongoza kikao alinitazama, akasema, "Mheshimiwa, nakuongezea dakika mbili, malizia hoja yako."

Nikasema, "Ahsante, inatosha. Naunga mkono muswada huu mia kwa mia." Nikakaa.