Simu Iliyotaka Kunitangulia Kusema

Jumatatu, 5 Mei
Nimefungua saiba, kibanda changu cha kompyuta, saa mbili. Wateja wa kuchapisha, wa kuskani, wa picha za pasipoti. Nimetapika mara moja, nikasingizia mayai.

Mchana Wangari, dada ya mume wangu, alipitia. Akaomba simu yangu aone picha za harusi. Likaruka tangazo la nepi. Chini yake kitanda cha mtoto. Akanitazama tumbo, akauliza ati kuna habari? Nikamwambia simu za siku hizi zina wazimu. Alicheka. Mimi sikucheka.

Mimba hii anaijua mume wangu Kariuki peke yake. Mbili zilitoka. Ile ya pili tulikuwa tushatangaza, na watu wakaja kutupa pole mmoja mmoja hadi nikachoka kufungua mlango. Safari hii nataka Mama asikie kutoka kwangu, siku nitakayoamua mimi. Kwetu mtoto hanunuliwi hata soksi kabla hajazaliwa. Simu ishamtafutia kitanda.

Jumanne, 6 Mei
Bado nina hasira. Nilitafuta dawa ya kichefuchefu mara moja tu. Nilinunua simu mimi, kumbe imeandikwa kazi na wengine.

Nimesoma juu ya mfumo mwingine wa kuendesha simu. Unatengenezwa na watu wanaojitolea, na kila mtu anaweza kuukagua. Unafuta ule wa kiwandani, unaweka huu. Sijidanganyi, wenye matangazo bado watanifuata mtandaoni. Lakini wasiishi ndani ya simu yangu.

Kariuki ameniambia ikifa nisimlilie. Kisha akaniombea heri, akaondoka na lori kwenda Kangari kubeba majani chai.

Alhamisi, 8 Mei
Mjinga mimi. Mtu aliyezaliwa Nyeri anaanzaje kazi kama hii alasiri ya Mei, msimu wa mvua?

Nilihamishia picha na namba za watu kwenye kompyuta. Nikachomeka waya. Mfumo wa zamani ukafutika vizuri, mpya ukaanza kuingia. Mvua ikapiga. Nusu ya njia, stima ikapotea mtaa wote wa Skuta. Kompyuta ya saiba haina betri. Simu imeganda kwenye nembo, haiendi mbele wala nyuma.

Mama hunipigia kila jioni kutoka Mweiga. Asiponipata humpigia Wangari, na mdomo wa Wangari hauna mlango. Ningeazima simu ya jirani, lakini namba ya Mama siijui kwa kichwa. Mama yangu mzazi! Naogopa, na aibu pia ninayo.

Ijumaa, 9 Mei
Stima imerudi. Nimeanza upya, kwa waya mwingine. Imewaka!

Skrini nyeupe, tupu. Hakuna kinachoniuliza niko wapi. Programu ya benki imekataa kufunguka, inasema simu si salama. Shauri yake. Menyu ya kutuma pesa haionekani, lakini nimebonyeza nyota na namba kama zamani, imekubali. Nimeimba nikifagia.

Kisha ujumbe wa Wangari ukaingia: Mama alinipigia jana, tumeongea sana. Wimbo ukaishia hapo. Sana ni nini? Sijamuuliza. Nimempigia Mama, nikamwambia Jumapili naja. Sauti yake ya kawaida tu. Sijui kama hiyo ni dalili nzuri au mbaya.

Jumamosi, 10 Mei
Wateja wengi. Nimekula ugali wote, ukakaa tumboni.

Jumapili, 11 Mei
Mweiga. Baridi, ukungu hadi zizini. Mama alikuwa ametoka kanisani, anamenya viazi nje ya jikoni. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Nikasema mawili tu: niko mjamzito.

Kisu kikasimama. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema Kariuki. Nikauliza Wangari alimwambia nini.

“Alisema umenenepa. Nikamwambia akuache, unakula chakula ya kwako mwenyewe.”

Basi. Hofu yote ile, kumbe nimesemwa unene! Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaona haya kwa kulia mbele ya ng'ombe. Mama hakuniuliza wiki ngapi. Hakutaja zile mbili. Alijifuta mikono na leso.

“Usiambie mtu. Wacha kwanza tukae nayo sisi.”

Akanitolea kiti chenye mgongo. Nikanyoosha mkono nimsaidie viazi, akasogeza beseni mbali nami, akaendelea kumenya.