Bango la Nyuki wa Ipole

Isevya, Tabora.
7 Julai 2024.

Mpendwa Dada Khole,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada yangu. Barua hii nimempa Alamin, mtoto wa Ami Hamdun, anayesafiri kuja huko Maskati, nami naomba ikukute mzima, wewe na shemeji Murtadha. Mguu uliokusumbua tangu Ramadhani umetulia? Mama akikuuliza kwenye simu unajibu "alhamdulillahi" tu, nasi huku tunabaki kukisia.

Sisi tunashukuru Mungu. Mama hapandi tena barazani bila kushikwa mkono. Kipupwe mwaka huu kimekuja na vumbi na baridi ya asubuhi, kwa hiyo anakaa uani anaota jua na tasbihi yake, na kila gari likisimama nje anauliza kama ni wewe.

Uliniuliza kwa nini sauti yangu imekuwa nzito. Nisingeweza kukueleza huku Mama akisikiliza, maana angekosa usingizi. Ni habari ya mwanafunzi wangu, Koleta.

Koleta yuko kidato cha tatu, analala bweni. Kwao ni Ipole, kule Sikonge. Baba yake, Mzee Yoramu, analima tumbaku na kufuga nyuki, kama wengi wa huko. Mwanzoni mwa mwaka jana, mvua zikiwa zimekolea, nyuki wa Ipole walikufa hovyo. Mizinga ilibaki mitupu. Watu wakasema haiwezekani, kuna mkono wa mtu. Macho yote yakamgeukia Bibi Mektilda, mjane aliyekaa peke yake jirani na chemchemi. Kosa lake lilikuwa uzee, upweke, na macho mekundu ya moshi wa kuni. Mzee Yoramu, aliyepoteza mizinga mingi kuliko wenzake, ndiye aliyetangulia kulitaja jina lake hadharani. Wakaichoma nyumba yake. Mama wa watu akakimbilia Nzega kwa binti yake, Apolinaria, na nguo aliyoivaa.

Huyo bibi ndiye aliyekuwa akimlea Koleta wazazi wakiwa shambani.

Basi nilipowatangazia wanafunzi maonyesho ya utafiti wa sayansi, wenzake walikimbilia mambo ya umeme wa jua na sabuni. Koleta alibaki darasani.

"Madamu, nyuki wanaweza kuuawa na nini?"

"Na nini, au na nani?"

"Na nini. Nani nimeshaambiwa."

Likizo ya Desemba alitandika mashuka meupe chini ya mizinga, mingine msituni ndani kabisa, mingine karibu na chemchemi, akawa anahesabu nyuki waliokufa kila asubuhi. Msituni walikuwa wachache. Karibu na chemchemi, kila baada ya siku ya kupuliza dawa kwenye tumbaku, shuka lilikuwa jeusi. Akafuatilia. Akaona wakulima wakimaliza kupuliza wanasuuza mabomba yao palepale nyuki wanapokunywa maji. Na shamba lililo karibu zaidi na chemchemi, dada, ni la baba yake.

Alirudi shule na daftari limejaa na uso umekonda. Nikamwambia anaweza kuchagua somo jingine, hakuna atakayemlaumu. Akakataa.

Tukaanza kuandika ikisiri, yaani ule muhtasari wa aya moja unaotangulia utafiti: kwa nini umeufanya, umefanyaje, umeona nini, na maana yake nini. Rasimu yake ilianza hivi: "Bibi Mektilda alichomewa nyumba kwa sababu ya nyuki." Ilinibidi nimweleze kuwa mwongozo unakataza majina ya watu, na maneno yanahesabiwa. Tukakata, tukapunguza, tukaigeuza kwa Kiingereza. Yote yaliyompata yule bibi yakaishia kwenye sentensi moja: baadhi ya wanajamii walihusisha vifo hivyo na imani za kishirikina.

Koleta aliisoma akaiweka mezani. "Madamu, hapa hata moshi hauonekani."

Nikamwambia ndivyo wasomi wanavyoandika.

Bango alilibuni mwenyewe, na hapo alinishangaza. Mimi nilitaka maelezo mengi. Yeye alitaka hata asiyejua kusoma aelewe. Katikati aliweka picha kubwa ya chemchemi na bomba limelazwa ukingoni. Pembeni mihimili miwili ya takwimu: mfupi wa kijani ni msitu, mrefu mwekundu ni chemchemi. Maneno machache, herufi kubwa, nafasi ya kutosha. Ukilitazama kwa mbali lilikuwa linakuita.

Siku ya maonyesho majaji walifika, wakasifu rangi, wakasema mizinga aliyoichunguza ni michache, wakaenda meza ya pili. Hakupata kitu. Wenzake walipokuwa wakipigiwa makofi yeye alikuwa anabandua bango lake taratibu lisichanike. Akaniomba tuliandike upya kwa Kiswahili kwenye manila, na ile ikisiri chini yake, alipeleke Ipole. Nikaona siwezi kumwachia mtoto mzigo huo peke yake. Likizo ya Juni nikaenda naye.

Tulilitundika kwenye ukuta wa ghala la chama cha msingi cha ushirika, wakulima wakiwa wametoka mkutanoni. Koleta alieleza kwa Kiswahili, akikwama anamalizia kwa Kinyamwezi. Walisikiliza vizuri tu, mpaka aliponyoosha kidole kwenye picha. Mtu mmoja akasema, "Hilo bomba jekundu si la Yoramu?"

Mzee Yoramu alikuwa amesimama mbele kabisa.

"Ndiyo," Koleta akasema. "Ni la baba."

Nilidhani atampiga. Hakumpiga. Alivua kofia akamuuliza, "Una hakika, mwanangu?"

"Nimewahesabu kwa mkono wangu, baba."

Yule mzee akachuchumaa palepale. Nikasema moyoni, sasa wameelewa. Mara sauti ikatoka nyuma: "Haya, dawa ndiyo iliyoua. Lakini nani aliyewatuma nyuki kwenye maji yale?" Na watu wakatikisa vichwa, dada. Wakakubali! Nimefundisha miaka yote hii, sijapata kujiona mdogo kama pale.

Kesho yake Mzee Yoramu akatuomba tumsindikize Nzega. Alibeba ndoo ya asali. Tulimkuta Bibi Mektilda kwenye kijumba cha uani kwa Apolinaria, amedhoofu, macho yamekaribia kufa. Tukamwamkia, akaitika shikamoo yangu na ya Koleta. Ya Yoramu hakuiitika. Mzee alipiga magoti akaomba radhi kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, maana mtu mzima akilia hivyo ni aibu kumsimulia.

Bibi akamwacha amalize, kisha akamwambia Koleta, "Nisomee hiyo karatasi yako."

Koleta alilikunjua bango, akalisoma lote. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Na mimi niko wapi humo?"

Koleta akamsomea tena ile ya baadhi ya wanajamii. Nikaingilia, nikaeleza kwamba katika utafiti majina hayaandikwi, ni kwa ajili ya kuwalinda watu.

"Kunilinda," akasema polepole. "Siku ya kunifukuza, mkubwa kwa mdogo walilitaja jina langu, mpaka watoto waliliimba. Leo mnanisafisha, halina pa kukaa."



Asali aliipokea. Kurudi Ipole alikataa. Alimwambia Yoramu, "Moto uliniondoa na nyumba yangu. Nikirudi nitafikia wapi, kwenye bango?" Tukaaga. Njia nzima baba na mwana walikaa kiti kimoja, bango limekunjwa magotini mwao.

Sasa Mzee Yoramu anasuuza bomba lake mbali na chemchemi. Wenzake bado wanasuuza palepale. Koleta amerudi shule, anafaulu kama kawaida, lakini hacheki. Juzi nilimgusia maonyesho ya mwakani, nikamwambia ana kipaji cha kubuni mabango, asikiache kipotee. Akanitazama kwa adabu zote.

"Madamu, nitafutie kwanza maonyesho yanayopokea majina ya watu."

Ndiyo maana sauti yangu ni nzito, dada.

Nisalimie shemeji Murtadha na mwanao Lina. Mwambie mama yake mdogo hajamsahau. Ami Hamdun na wa nyumbani kwake wanakusalimu sana. Mama anasema uje ungali unamkuta. Mola akupe afya, akufungulie njia ya kurudi nyumbani, na atuhifadhi sote na ndimi za watu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Jihan